Boksi la MP3: Kipi Kije Ndani, Kipi Ununue Mwenyewe

Mtu anayenunua MP3 huku kwetu Lamu haanzi kwa kuuliza sauti wala ukubwa wa memori. Huuliza, "Yaja na nini?" Mwenye duka hufungua boksi, akavimwaga vitu juu ya kioo cha kaunta: hedifoni, waya, kichwa cha chaja, kamba ya shingoni, kikava cha plastiki, pengine na kadi ya memori. Kando yake liko boksi jingine, bei yake mara kadhaa ya lile la kwanza, na ndani mna chombo chenyewe na waya mmoja mfupi, basi.

Wengi huchukua la kwanza, na ukiwauliza watakwambia wamepata vitu vingi kwa pesa kidogo. Mimi huvipima vile vitu kwa swali jingine: kipi kikipotea au kikifa nitakipata hapa hapa Lamu, mtaani Langoni, kabla ya adhuhuri, na kipi nitakingoja kitoke Mombasa, kisafiri kwa basi hadi Mokowe, kisha kivuke kwa boti? Kile cha kungojwa ndicho kinachofaa kuja ndani ya boksi. Kilichojaa vibandani, hata kisipokuja sina neno nacho.

Maboksi nitakayolinganisha ni ya aina tatu. La kwanza ni la MP3 ndogo ya kibanio, ile unayoibana kwenye ukosi wa shati; bei rahisi, boksi limejaa. La pili ni la kicheza muziki cha jina kubwa, chenye skrini ya kugusa na nafasi ya kadi. Boksi zuri kwa nje, jepesi kwa ndani. La tatu ni la kispika chenye redio na tundu la flashi, ambacho utakikuta kimening'inia kwenye mashua, kwenye mkahawa na kwenye tuktuk za Malindi. Hicho cha tatu viwanda havikiiti kicheza muziki cha mfukoni, lakini mnunuzi wa pwani huwa na pesa ile ile mkononi akiwa hajaamua kati yake na MP3, kwa hiyo siwezi kukiacha nje.

Viwanda navyo vimekuwa vikijaza maboksi na kuyapunguza tangu zamani. Sony walipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, hedifoni zilikuja nayo, na ilibidi zije, kwa sababu chombo hakikuwa na spika. Kilikuwa hata na matundu mawili ya hedifoni ili wasikilize watu wawili. iPod ya kwanza ya Apple, mwaka 2001, ilikuja na hedifoni, waya na chaja ya ukutani. Baadaye chaja ikatoka kwenye boksi la iPod, na Oktoba 2020 kampuni hiyo ikaondoa chaja na hedifoni kwenye maboksi ya simu zake pia. Umoja wa Ulaya nao una sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024: simu, hedifoni na spika ndogo zinazochajiwa kwa waya ziwe na tundu la USB-C, lile la kuchajia simu za kisasa, na mnunuzi apewe nafasi ya kununua bila chaja. Sababu inayotajwa ni taka za kielektroniki. Ni kweli taka zipo, na ni kweli pia kwamba kitu kisichotiwa kwenye boksi hakimgharimu mwenye kiwanda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni iPod shuffle ya mwaka 2009. Kwenye chombo chenyewe hakukuwa na vitufe vya kupandisha sauti wala vya kuruka wimbo. Vilikuwa kwenye waya wa hedifoni zake. Kuichaji nako kulipitia tundu lile lile la hedifoni, kwa kijiwaya chake maalumu. Hedifoni zile zikikatika, au kijiwaya kikipotea, unabaki na kipande cha aluminiamu mkononi. Mtu wa London angekwenda dukani siku hiyo hiyo. Sisi tungeuliza nani anasafiri.

Hedifoni

Hapa ndipo mnunuzi hudanganywa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hedifoni zinazokuja na MP3 ya kibanio mara nyingi ni zile zile za plastiki ngumu zinazouzwa kibandani kwa shilingi 100 au 200. Besi imevimba, sauti ya kati imezama. Kwa muziki wa kudundadunda hutaona kasoro. Lakini weka taarab ya Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, usikilize udi wake: nyuzi zinachanganyika hata huwezi kuzitenga, na mashairi, ambayo ndiyo taarab yenyewe, yanafunikwa. Kasida za Maulidi vivyo hivyo. Matwari yanakugonga utosini, na wanaosoma wako mbali.

Boksi la bei kubwa mara nyingi halina hedifoni kabisa. Watu hulalamika, nami nasema ni afadhali. Aliyelipa pesa zile atataka hedifoni alizozijaribu mwenyewe, na tundu la milimita 3.5 linapokea karibu za kila aina. Ukiwa unalinganisha maboksi yenye hedifoni, acha kuzitazama hedifoni zenyewe, tafuta kifuko kidogo chenye mipira ya ziada ya kuingia sikioni, midogo, ya kati na mikubwa. Mpira usipoliziba sikio sawasawa besi hutoroka, sauti ikawa nyembamba ya bati, na mwenyewe akadhani amenunua hedifoni mbovu. Hedifoni za kibandani zimejaa Langoni na Malindi kote. Mipira ya saizi ndogo, inayowafaa watoto na wenye masikio madogo, haiuzwi peke yake kwenye duka lolote ninaloingia. Boksi lenye mipira hiyo limenifaa kuliko lenye hedifoni mbili.

Kuna na habari ya njia. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani hapa Lamu ni vyembamba, na punda aliyepakia mifuko ya saruji hapigi honi, mwenye punda husema tu "Simile!" na wewe ndiye wa kusikia. Malindi ni bodaboda na tuktuk kila upande. Hedifoni zinazoziba sikio ni tamu ndani ya basi, na ni hatari ukitembea. Zile za plastiki nilizozisema vibaya hapo juu zina hoja yao hapa: hazizibi vizuri, kwa hiyo dunia unaisikia. Lakini kwenye boti la injini mambo yanageuka. Injini inanguruma, hedifoni zisizoziba zinazidiwa, mtu anapandisha sauti hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Hedifoni inayoziba hukuwezesha kusikia kwa sauti ndogo hata injini ikiwaka.

Zisizo na waya, za Bluetooth, sizitaki ndani ya boksi la bei rahisi. Zina betri mbili za masikioni na ya tatu ya kijisanduku, zote ndogo, zote za kuchaji, na zikichoka hakuna fundi wa kuzifungua. Tena MP3 nyingi za bei ya chini hazina Bluetooth, kwa hiyo soma boksi kabla ya kuleta hedifoni zako za simu.

Waya na chaja

Kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu ndani ya boksi, kingekuwa waya. Watu huudharau kwa sababu nyaya ziko kila mahali. Ziko, lakini si zote zinafanya kazi moja.

MP3 za kibanio zinazotoka kwenye akiba ya zamani bado zina tundu la mini-USB, lile nene la kamera za kale. Mpelekee fundi wa simu.

"Ami, waya wa hii wapatikana?"

"Mwanangu, huo labda uulizie Mombasa. Kama una wa zamani ndani, uutafute vizuri."

Na Ami ana haki. Kwa chombo kama hicho waya wa boksi ni nusu ya chombo. Ukipotea, betri ikiisha ndiyo kwaheri.

Micro-USB na USB-C unazipata, ila fungua macho. Waya wa USB wa kawaida ndani una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Nyingi za kibandani zina zile mbili za umeme tu. Utachaji usiku kucha bila tatizo, lakini ukichomeka kwenye kompyuta ili uongeze nyimbo, kompyuta haioni kitu. Nimesikia MP3 nzima ikihukumiwa kuwa imekufa kwa sababu ya waya wa namna hiyo. Waya uliokuja na boksi kwa kawaida una nyuzi zote nne, maana kiwanda kilijua utahamisha nyimbo kwa huo huo. Utie alama ya uzi mwekundu usichanganyike na za simu.

USB-C ina mtego wake, na huu wengi hawaujui. Vyombo vingi vya bei rahisi vimewekewa tundu la USB-C bila zile rezista ndogo zinazoijulisha chaja kwamba kuna kifaa kinangoja umeme. Ukichukua chaja mpya ya simu na waya wenye USB-C pande zote mbili, taa haiwaki, chaji haiingii. Chukua waya wa mtindo wa zamani, upande mmoja ule mpana na bapa, upande wa pili USB-C, kwenye chaja ya kawaida, na inachaji mara moja. Kile kijiwaya kifupi ndani ya boksi, ambacho watu hukitupa kwa kuwa hakifiki kitandani, mara nyingi ndicho cha aina hiyo. Usikitupe.

Kichwa cha chaja ni hadithi nyingine. Boksi lililojaa hujivunia kuwa nacho, nami ningependa kisiwemo. Soketi za Kenya ni za miguu mitatu ya bapa, volti 240. Chaja zinazokuja na vitu vya bei rahisi mara nyingi zina miguu miwili ya duara. Kila mtu anajua kinachofuata: kalamu inasokomezwa kwenye tundu la juu, vile vimlango vya ndani vinafunguka, miguu miwili inasukumwa kwa nguvu. Vimlango vile vimewekwa ili mtoto asiingize kitu kwenye umeme, na sisi tunavifungua kwa mikono yetu. Kisha plagi haikai imara, inacheza, inatoa cheche. Kama boksi lina chaja ya namna hiyo, ihesabu kuwa haimo, tena usimwachie mtoto aichezee.

Huihitaji pia. MP3 huchajiwa kwa volti 5 na umeme mdogo sana, na chaja yoyote nzuri ya simu iliyoko nyumbani inatosha. Usiogope kwamba chaja ya simu ina ampea nyingi, kwani kifaa huvuta kinachohitaji tu. Tatizo la kweli ni pawabenki: betri ya MP3 ni ndogo, inavuta umeme kidogo hata pawabenki nyingine zikadhani hakuna kitu kimechomekwa, zikajizima. Mvuvi anayechajia kwa pawabenki ya sola na ajaribu kwanza kabla ya kuondoka Kizingitini, asiende akagundua baharini.

Kadi ya memori

Tangazo la "kadi ya 64GB bure" hunitia shaka kuliko boksi lisilo na kadi. Kadi bandia ni nyingi, na ujanja wake ni kwamba kompyuta inaonyesha 64GB kweli kweli, ila memori iliyomo ndani ni ndogo mno. Unajaza nyimbo, zote zinaonekana kwa majina, na ukizicheza za mwanzo ziko sawa, za baadaye zinakatika au ni kimya. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma yote kwa programu ya kupimia, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Inachukua muda, mwachie kijana wa nyumbani.

Tena piga hesabu kama nafasi yote hiyo unaihitaji. Rekodi ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama megabaiti 58 kwa saa. Msahafu mzima, ukisomwa juzuu moja kwa saa, haufiki gigabaiti 2. Kadi halisi ya 8GB inachukua zaidi ya saa 130 za muziki au darsa, na wengi wetu hatuna hata hizo. Kadi zaidi ya 32GB huja na mpangilio wa exFAT ambao MP3 nyingi za bei ya chini hazisomi hadi ubadilishwe kuwa FAT32. Kwa boksi la kwanza, basi, kadi ndogo ya kweli inashinda kubwa ya maneno. Kwa boksi la pili, lisilo na kadi, mnunuzi ataleta yake yenye jina, kutoka duka litakalokubali kuipokea ikirudishwa.

Kava, kibanio na kamba

Kava la plastiki gumu linalokuja bure ni la kuzuia mikwaruzo, na sisi adui wetu ni chumvi. Ukitaka kuona kazi yake, tazama tundu la kuchajia la chombo kilichokaa msimu mmoja wa kusi bila kufunikwa: kwanza pini zinapoteza rangi ya dhahabu, kisha pembeni unaingia ukungu wa kijani, kisha waya hauchaji mpaka uubonyeze kwa kidole upande mmoja. Kizibo cha mpira cha tundu hilo, kikiwa kimeshikamana na chombo chenyewe, kinalipa kuliko makava matatu. Boksi la kwanza mara chache huwa nacho. Baadhi ya vispika vya boksi la tatu vinacho.

Maandishi ya IPX7 pia yasikupe kiburi. Yana maana chombo kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30 katika maji yasiyo na chumvi, na ile X ni kwamba vumbi halikupimwa. Maji ya chumvi hayamo katika hesabu hiyo, wala mchanga wa Shela. Kibanio ni kizuri kikiwa cha chuma au kimeungana na mwili. Kamba ya shingoni haina maana kubwa kwangu, isipokuwa kwa anayepanda na kushuka mashuani.

Kwa hiyo nani achukue boksi gani

Nahodha au mvuvi: la tatu. Hedifoni kwa anayefanya kazi mashuani hazifai hata kidogo, mwenzako akikuita huwezi kumsikia. Sababu kubwa zaidi iko mgongoni mwa kispika: vingi vya bei rahisi vinatumia betri ya BL-5C, ile ya simu za Nokia za vitufe, inayouzwa karibu kila duka la simu pwani nzima. Betri ikichoka unatia nyingine, hukitupi chombo. MP3 ya kibanio na kile cha jina kubwa betri zao zimefungiwa ndani, na hazibadilishwi bila fundi na kisu. Ndani ya boksi hili ningetaka betri ya pili, hakuna zaidi. Waya wa kuunganishia simu unaokuja nalo mimi huuona ni wa kupamba tu, maana watu wanatumia flashi.

Mwanafunzi, au mzee anayetaka darsa na Kurani bila simu kumkatiza: la kwanza, kwa sharti waya wake uwe wa nyuzi nne na tundu lisiwe mini-USB. Mzee umnunulie yenye vitufe vya kuhisi kwa kidole bila kutazama. Hedifoni zake zigawe, ununue nyingine zenye mipira.

Anayesafiri Malindi hadi Mokowe mara kwa mara, anayejua tofauti ya udi na kinanda, na mwenye pesa: la pili, asijali wepesi wa boksi. Atanunua hedifoni zinazoziba na kadi ya kweli, na jumla yake itapanda sana. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu bei iliyobandikwa kwenye boksi la pili si bei ya kusikia muziki, bado kuna hedifoni na kadi juu yake. Ukizijumlisha zikakushinda, rudi kwenye la kwanza na hedifoni nzuri. Masikio yako yatapata zaidi kuliko chombo cha kifahari chenye hedifoni za shilingi 100.

Mtoto simnunulii hata moja kati ya haya kabla sijaona kama kuna sehemu ya kufunga sauti isipande kupita kiasi.

Lolote utakalochagua, usilipe kabla ya kumwomba mwenye duka achomeke chombo kwenye kompyuta yake kwa waya uliotoka kwenye boksi hilo hilo, ahamishe wimbo mmoja, uusikilize sikio la kulia kisha la kushoto huku unautikisa waya wa hedifoni pale unapoingia. Akisema boksi likifunguliwa haliuziki, mwambie atumie lile la maonyesho, mradi waya uwe wa aina ile ile.